Joto la Kila Ijumaa

Tangu jana nimekuwa nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, basi heri niseme.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kuvua pweza hapa Msambweni. Sasa mdogo wangu Mwanasha anasomea mikondo na joto la bahari chuo kikuu. Alifunga mwambani kipimajoto kinachorekodi chenyewe usiku na mchana, akaniambia, "Kaka, nitazamie."

Nikakitazama kwelikweli. Ijumaa wavuvi hawaendi baharini, hakuna jicho la kukilinda, nikaogopa kitaibiwa. Basi kila Ijumaa asubuhi nilikifungua, nikakiosha chumvi, nikakianika juu ya bati, kisha jioni nikakirudisha. Sikumwambia, maana niliona huo ndio utunzaji.

Jana alikuja na mwalimu wake, akatuonyesha sisi wavuvi mchoro wa vipimo.

"Kila Ijumaa bahari hii inapata homa," alisema mwalimu. "Bila kujua sababu, siwezi kuupitisha utafiti huu."

"Labda inaoga maji moto iende msikitini," akadakia Mzee Bakari. Watu wakacheka. Mwanasha hakucheka, macho yalikuwa yamemvimba. Mimi nilikuwa nimeshavua kofia na kuivaa mara tatu.

Akanigeukia. "Kaka, wewe ulikuwapo siku zote. Siku ya Ijumaa uliona nini pale mwambani?"

Nikasimama.

"Pale mwambani sikuona kitu, mwanangu," nikasema. "Kipimo chako kilikuwa juu ya bati langu."