Nyasi za Boma la Zamani

Maisha yangu yote nimejulikana kama kifungua mimba, na cheo hicho nimekitumia mpaka ndugu zangu watatu wamechoka. Mimi ndiye ninayeamua Krismasi italiwa wapi na nani atampeleka Mama hospitalini Bomet. Haikunijia hata ndotoni kwamba shimo la kuota moto, tena la kuwafurahisha wageni wa ng'ambo, lingenivua cheo hicho mbele ya fundi.

Baada ya Baba kufariki, Mama alihamia ile nyumba ndogo ya jikoni, karibu na moto wake. Nyumba kubwa ikabaki tupu juu ya kilima, majani chai yakishuka mbele yake mpaka mtoni. Nikasema tutaipangisha kwa siku chache chache, kwa wageni wanaotafuta nyumba kwenye simu. Mama hakupinga. Alisema tu kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, ila hakuwahi kusikia mgeni akilipa kwanza ndipo akaribishwe.

Nilianza na picha. Nikaondoa kalenda za ukutani na vile vitambaa alivyoshona Mama vya kufunika migongo ya viti. Nikatandika shuka nyeupe kila kitanda. Mama akachungulia mlangoni, akauliza, "Hao watu ni wagonjwa?"

Kisha nikaandika tangazo kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili: nyumba tulivu juu ya mashamba ya majani chai, si mbali na Sotik, mahali ambapo mama wa watoto wanne atakukaribisha kwa chai ya maziwa ya ng'ombe wake. Nilipofika mwisho aliangalia mikono yake. "Sawa," akasema. Nilidhani ameona fahari.

Hakuja mtu. Rafiki yangu anayepangisha nyumba kule Kericho akaniambia shida iko wapi: wazungu wanapenda kuota moto nje jioni, wakiangalia milima, na picha ya moto ndiyo inayowavuta. Basi nikazunguka ua nikitafuta mahali, na mahali pa kufaa palikuwa pale tu lilipokuwa boma la ng'ombe zamani, kabla Baba hajalihamisha. Samadi ya miaka mingi imepastawisha, na nyasi zake ni nzito na laini kuliko kwingine kote. Ukisimama pale unaona mashamba yote.

"Hapo hapana," Mama akasema.

"Kwa nini?"

"Hapo hapana tu. Chimba karibu na tangi."

Karibu na tangi! Pale mgeni angetoka Ulaya akaketi akitazama ukuta wa choo. Nilikasirika, nami nikikasirika sisikii. Nilimwita fundi bila kumwambia Mama. Ni mtu mzima wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuja huku akiwa kijana kufanya kazi katika kiwanda cha chai, na sasa anajenga. Alifika asubuhi, akachora duara, akaanza kukata nyasi ukingoni.

Mama akatoka jikoni na kigoda chake. Hakukimbia wala kupiga kelele. Alipita kati yetu, akakiweka katikati ya duara, akaketi.

Fundi akashusha jembe. "Madam, mimi siwezi chimba na mama amekaa hapo."

"Mama, toka bana!" nikapaza sauti. "Ni shimo ya moto tu, si kaburi!"

Mama hakunitazama. Sisi wawili huongea Kipsigis, lakini siku hiyo alisema kwa Kiswahili, ili fundi aelewe.

"Fundi, hapa iko mtoto yangu. Msichana. Alikufa kabla huyu azaliwe."

Neno "kaburi" nililolitupa mwenyewe lilikuwa bado masikioni mwangu. Nilimwangalia Mama, nikaangalia nyasi, nikarudi kwa Mama.

Alituambia kwa maneno machache. Mtoto alikuwa bado wa kunyonya. Nyanya yetu ndiye aliyemzika pale kando ya boma, kwenye samadi laini, kama watoto wachanga walivyozikwa zamani. Hapakuwekwa alama. Mama akaambiwa asimlie wala asimtaje, ili atakayefuata akae, asife naye.

Aliyefuata ni mimi. Na pale ndipo tulipokuwa tukicheza kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, baada ya shule! Sasa nikakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akituita kila mara tukisogea pale: njooni mle, njooni mchote maji. Kumbe hakuna chakula kilichokuwa tayari. Kumbe ni yeye aliyemsumbua Baba mpaka boma likahamishwa.

Fundi alivua kofia. Akapiga magoti, akarudisha vipande vya nyasi alivyokuwa amekata, akavikandamiza kwa viganja, si kwa kiatu. "Pole, mama," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza jioni, jikoni kwake.

"Ningekuambia ukiwa mdogo, na kila mara ulikuwa unaugua? Niliogopa." Akasukuma kuni motoni. "Halafu nikazoea kunyamaza. Soma tena yale maneno ya simu."

Nikasoma. Nilipofika kwenye watoto wanne, aliinua mkono, vidole vyote vitano vimenyooka. Nilifuta nne, nikaandika tano. Machozi yalinitoka nikiwa bado nimeshika simu.

Shimo la moto lilichimbwa karibu na tangi, likitazama choo. Wageni walikuja hata hivyo, mtu na mkewe, wazee wenye viatu vya kupanda milima. Asubuhi Mama akawaletea chai. Yule mke alikuwa akiangalia picha zetu sisi watoto ukutani, moja moja. Alikuwa amesoma tangazo vizuri. Akahesabu mpaka nne, akamgeukia Mama akitabasamu, akainua vidole vitano na kuuliza kwa macho: wa tano yuko wapi?

Nilitafuta uongo wa haraka, kwamba yuko Nairobi, kwamba hapendi picha. Mama hajui Kiingereza, lakini swali alilielewa kabla yangu. Aliweka birika chini, akafungua dirisha, akaelekeza mkono wote, kiganja wazi, kwenye nyasi za boma. Akasema kwa Kipsigis, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kifungua mimba wangu yuko pale."

Kisha akaningoja nitafsiri. Nikatafsiri.