Wamama, Muangalie Huku

Jumamosi moja kabla ya vurugu, Papa Amisi alikuja kutupiga picha kwenye harusi ya binamu yetu hapo Kabambare. Mzee huyo alikuwa msumbufu kweli. Habonyezi kitu mpaka kila mtu atulie, kidevu juu, bila kucheka. Mdogo wangu Zabibu alichoka kusubiri akarudi zake jikoni. Sisi wengine tulishazoea: akiita, unasimama.

Wiki iliyofuata watu wenye bunduki walichoma vijiji vya upande wa msituni. Wanawake tukaamua kuandamana hadi ofisi ya teritware, kwa wakuu wa wilaya, kudai ulinzi, matawi mikononi kama watu wa msiba. Papa Amisi alitutangulia na kamera yake, akitembea kinyumenyume.

Karibu na soko akapaza sauti.

"Wamama, muangalie huku! Musicheke!"

Tukasimama. Mungu wangu, tulisimama! Maandamano mazima yakatulia kama maharusi.

"Zabibu, leo hautanikimbia," akasema.

"Yaya, kilemba yangu iko muzuri?" Zabibu aliniuliza mimi dada yake.

"Iko muzuri."

Risasi zikatoka nyuma yetu.

Nilikimbia. Sikujua naelekea wapi.

Zabibu alibaki pale.

Sasa naishi Kasongo na mama. Picha aliyotupiga Papa Amisi pale imezunguka kwenye simu za dunia nzima, na watu wanasema tulizikabili bunduki bila woga. Bunduki zipi? Zilikuwa migongoni mwetu. Mbele alikuwa Papa Amisi peke yake. Kama tusingesimama, labda tungekuwa tumeshaingia uani mwa teritware. Au tungekufa wote langoni. Nawaza hili mpaka kichwa kinauma, na bado sijui.

Mwezi uliopita Papa Amisi alikuja kwa pikipiki, na picha ile ndani ya fremu. Kwenye kona ya juu wanaume wawili wenye bunduki wanatokeza nyuma ya duka.

"Papa, hawa haukuwaona?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naangalia sura zenu tu, mama."

Nilitaka kumfukuza. Nilitaka pia kumshukuru, kwa sababu simu ya Zabibu ilipotea siku ile na hatuna picha yake nyingine. Nikabaki nimesimama mlangoni kama mjinga.

Mama ndiye aliyemvutia kiti. Kisha akaishika fremu, akaitazama sana.

"Kilemba yake imelala upande," akasema.

Nikasogea kuangalia. Kweli, kilikuwa kimelala. Siku ile sikugeuka hata kidogo kumtazama. Nami nilikuwa naangalia kamera.