Nililijenga

Mjomba alitaka nilione jengo kabla halijabomolewa lote. Kiwanda cha zamani cha kukoboa kahawa, nje kidogo ya barabara ya kwenda Mbuba, kilikuwa kimenunuliwa kwa ajili ya vyuma vyake, na vijana wenye nyundo walishaanza kubomoa upande wa ofisi. Ombi lake lilikuwa moja: wauache mnara wa tangi la maji. Ujanani alikuwa mmoja wa waliomimina zege pale.

Nilikwenda nikiwa na ubishi wangu. Chuoni nilizoea kuuliza jengo limemnufaisha nani, na jibu la hili nililijua: mashine zililala chini ya paa la zege, wakulima wa kahawa wakalala chini ya paa la nyasi. Lakini nilipofika mbele yake ubishi uliniisha. Kuta hazikuwahi kuona plasta wala rangi. Alama za mbao zilizolishika zege likiwa bichi zilikuwa bado zinaonekana, hadi vifundo vya mti. Matundu ya hewa yalikuwa membamba, yamekatwa mshazari, na mnara ulisimama kwa miguu minne iliyozidi unene kuelekea chini. Halikuwa jengo la kumbembeleza mtu. Ndiyo maana nililipenda, kisha nikajishuku kwa kulipenda.

"Shikamoo, mzee," alisema msimamizi wa vijana, mtu wa rika langu, amekalia rundo la nondo kando ya ghala la kahawa.

"Marahaba. Huu mnara muuache, mwanangu. Jengo hiri niririjenga mimi."

Mjomba aliletwa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake, na ulimi wa Kirundi hugeuza kila l kuwa r. Neno lile lilimshinda maisha yake yote.

"Ulifanya nini?"

"Niririjenga."

"Riri-riri-riri," kijana mmoja alisema, akizungusha mkono kama anayewasha mashine ya kusaga. "Imewaka hiyo."

Wakacheka. Nusu yao wana bibi wanaosema vivyo hivyo nyumbani.

Msimamizi hakucheka. "Sikiliza, babu. Sema: nililijenga ghala lile la kahawa. Ukisema bila riri, mnara ni wako, hatuugusi."

Mimi niliona ni mchezo. Mjomba hakuona, au aliona na hakuwa na njia nyingine. Alivua kofia, akajipangusa uso.

"Niri..." Akaacha, akaanza upya. Aliusogeza ulimi polepole. "Nilili..." Vijana wakaegemea nyundo zao. "Nililijenga ghara..."

Kicheko kikapasuka.

"Nililijenga ghala lile la kahawa," nikasema mimi, kwa hasira.

"Safi kabisa," akajibu msimamizi. "Ila wewe hukujenga kitu."

Wakahamia mnarani. Nyundo ya kwanza iligonga ikarudi bila kuacha alama. Ya pili ilirusha kipande kikampasua yule kijana aliyeigiza mashine juu ya jicho, na mjomba akacheka peke yake, kicheko kibaya ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Pigeni," alisema. "Hiro zege turirichanganya vizuri."

Nami nilifurahi kuiona damu ile. Furaha hiyo sijaitafutia sababu ya heshima hadi leo.

Nikamwambia twende nyumbani. Alikataa. Alikaa juani akiwatazama, akitabasamu kila nyundo iliporuka, hadi miguu miwili ya mnara ilipobaki nondo tupu na tabasamu likamwisha. Alasiri walifunga nyaya, lori likavuta, mnara ukalala chini na vumbi likatufikia midomoni.

Vumbi lilipotulia, msimamizi alichomoa kipande cha nondo, akakifuta kwa kiganja, akamletea mjomba. Safari hii hakuwa na utani.

"Hongera, mzee. Zege lenu limezitunza nondo, hazina hata kutu. Zitauzika vizuri."

"Asante, mwanangu," alisema mjomba, akakipokea kwa mikono miwili.