Thobias na Sare ya Mabaka

Thobias, mtoto wa kaka yangu Leonardi, hawezi kuchinja kuku. Pasaka tunakwenda shambani nje ya Columbus, huku Marekani, kununua kuku wa kienyeji, nachinja mimi, mwanamke, naye anakaa garini kafungulia redio mpaka mwisho ili asisikie kelele. Akiua mbu anasema pole.

Lakini mkute njiani sasa! Utasema anakwenda kukomboa nchi. Buti mpaka kwenye ugoko, suruali ya mabaka mabaka, mifuko mpaka magotini. Siku moja nilimpekua ile mifuko nijue imebeba nini. Chaja ya simu, pipi za kikohozi na tishu.

Msimcheke sana. Kwetu Tanzania raia havai nguo za jeshi, ni kosa, ukikutwa nazo utajuta. Thobias kakua akiwaona wanajeshi wakipita kwenye gwaride siku ya sikukuu, sisi tunapiga makofi, yeye roho inamtoka kwa kuzitamani zile nguo. Basi alipofika Louisville akaingia dukani akakuta mabaka kila mahali: nepi za watoto, mkoba wa bibi kizee, mpaka kikoti cha mbwa. Alinipigia simu sauti ikitetemeka.

"Shangazi, huku hata mbwa anavaa!"

"Na wewe unataka kuwa mbwa?" nikamjibu. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Likafuata gari. Gari refu la kijani la kijeshi, tairi la akiba mgongoni, dumu la mafuta ubavuni, beleshi limefungwa juu na taa za kuwamulikia waasi porini. Kazi yake ni kumtoa nyumbani na kumpeleka Jeffersontown, kwenye ghala anakopanga maboksi, lami mwanzo mwisho. Beleshi halijawahi kugusa udongo. Na theluji ikianguka analifunika turubai, eti chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu italila chini, halafu anaomba lifti kwenye kigari cha rafiki yake Cosmas. Kha! Gari la vita linaogopa chumvi.

Ndiyo maana Leya hakuwa amewahi kuliona. Leya ni binti wa Buffalo, watu wa milimani kule Kivu ya Kusini, Congo, anafanya kazi ya kutunza wazee, kama ninayofanya mimi. Walikutana kwenye harusi hapa Columbus, Thobias akiwa ndani ya suti ya kukodi. Msimu mzima wa baridi akawa anakwenda kumwona kwa basi, kajifunika koti kubwa. Nyumbani kwao alikuwa bado hajakanyaga. Alitaka aingie kwa heshima, na watu, na posa. Mwanangu yule alikuwa amependa kweli. Alikonda. Akaniambia, "Shangazi, wakininyima Leya sijui nitafanyaje," na nikaona hatanii.

Leya alituelekeza mapema kwa simu ya video. "Kwetu mukipewa maziwa, mumekubaliwa. Mukipewa soda tu, mukunywe murudi kwenu." Halafu akamwona Thobias na kofia yake ya mabaka, uso ukabadilika. "Na hiyo kofia usikuye nayo kwa mama. Tafadhali." Thobias akaapa. Akadhani ni adabu tu, maana hata kwetu mtu haingii ukweni na kofia kichwani.

Ijumaa ya safari, mwezi wa nne, akaja kwangu Northland, hapa Columbus, na Cosmas na rafiki yao Revokatus, wakalala sebuleni. Asubuhi nimeshavaa kitenge changu, nawasubiri. Wakatoka. Jamani! Wote watatu mabaka mabaka juu mpaka chini, mikanda, buti zinang'aa.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Sare, Shangazi. Posa bila sare inapendeza?" Na akanipa mfuko. Ndani gauni la mabaka na kilemba chake.

Nikalitupa juu ya kochi. "Mimi nimezaliwa Muleba, sikuzaliwa kambini! Nendeni mkabadilishe."

"Hatukuja na nguo nyingine. Ila kofia nimeiacha," akasema kwa fahari.

Mtanzania na sare, bwana, utamtenganisha na nini? Harusi sare, msiba sare. Nilitaka kukataa safari, lakini ukweni hakuchelewi, na mimi ndiye msemaji. Nikakunja doti nyingine ya kitenge nikatia kwenye mkoba kwa ajili ya mama mkwe, tukaondoka. Mpaka Buffalo vijana wanaimba, mimi nimenuna kiti cha mbele.

Nyumba yao ipo kwenye mtaa mwembamba karibu na Grant Street, theluji chafu bado imelundikana kando ya njia. Gari likanguruma mpaka mlangoni. Vijana walikuwa wamefanya mazoezi, wakaruka chini kwa pamoja, buti pwaa! Niliona pazia likifunguka, likafungwa haraka. Nikapiga hodi. Ndani mtoto akaanza kulia, na mlango wa nyuma ukajibamiza. Kutazama pembeni, namwona mama wa makamo katika mavazi meupe ya sherehe, mjukuu kifuani, anakatiza uwanja wa jirani na soksi tupu kwenye theluji.

Leya akatoka mbio. "Thobias! Ni nini umefanya? Sikukuambia hiyo kofia usikuye nayo?"

"Kofia nimeiacha, mpenzi," akasema, akijipapasa kichwa.

Leya akamwangalia kama anataka kumpiga, kisha akakimbia kumfuata mama yake. Mlangoni akasimama mzee mrefu wa koti na tai, Gatsinzi, baba yake mdogo.

"Bon," akasema, Kiswahili chao cha Congo na Kifaransa kikichanganyika. "Donc ninyi njo bageni betu?"

"Ni sisi wageni wenu, mzee wangu."

"Miye naona watu ya vita." Akaelekeza kidevu kwenye gari. "Motokari kama ile ilisimama mbele ya nyumba ya kaka yangu, papa ya Leya. Kule juu, kwetu. Bakashuka watu bamevaa vile. Bakasema banamuhitaji kidogo tu, batamurudisha. Kanyana, mama ya Leya, alibakia pa mulango, anamungojea. Mpaka leo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo nimeisema maisha yangu yote, lakini siku ile ndiyo nilimwona mwenyewe, anakimbia na soksi.

Thobias, pale pale kando ya njia, akavua koti, akavua buti, akavua na suruali, akabaki na ile nguo ya ndani ya baridi inayobana kama soksi. Baridi ya Buffalo hiyo, nanyi mnaijua! Jirani mmoja akatoka na simu yake kutupiga picha. Nikatoa ile doti ya kitenge nikamfunga mtindo wa kanga mbili, kiunoni na mabegani. Kitenge cha maua ya waridi. Akapachika miguu kwenye ndala za Mzee Gatsinzi, akaondoka kumtafuta mama, mimi nyuma yake. Cosmas na Revokatus nikawaambia wakae garini na wasionyeshe hata pua.

Tulimkuta kwenye duka la vyakula Grant Street, kwa mama mmoja aitwaye Rakeli, amekaa juu ya gunia la mchele, mjukuu kalala begani kwa Rakeli, Leya anamsugua miguu. Thobias hakuingia. Alichuchumaa mlangoni, wateja wanamruka.

"Mama, ni mimi Thobias."

Mama Kanyana akamtazama sana, maua yale ya waridi, zile ndala. "Wewe ni askari?"

"Hapana, mama. Napanga maboksi."

"Sasa juu ya nini unavaa nguo yabo?"

Thobias alianza kulia. Si machozi ya kujionyesha, yule kijana alilia kweli. "Kwetu wakiivaa tunawapigia makofi, mama. Niliipenda tangu mdogo. Sikujua. Nisamehe."

Nikajisemea, basi, tunakwenda kunywa soda. Leya alikuwa amemwinamia mama yake miguuni, hathubutu kuinua macho.

"Motokari iko yako?" mama akauliza.

"Ni yangu. Nitaiuza kesho, mama. Leo hii."

"Sikusema uuzishe." Akasimama, akavaa viatu alivyopewa na Rakeli. "Twende."

Tulirudi kwa miguu, mjukuu nimembeba mimi mgongoni. Cosmas na Revokatus wakashushwa, wakakimbizwa uani kama wezi. Mama Kanyana akalizunguka lile gari, akaligusa dumu, akaligusa beleshi.

"Mambo ya ngombe batasema bazee," akamwambia Thobias. "Miye minaomba kimoja. Unipandishe. Unitembeze huku kote, halafu unirudishe hapa. Pa mulango."

"Mama, nikuje na wewe?" Leya akauliza.

"Wewe bakia. Ungojee."

Wakaondoka. Leya akasimama mlangoni, ameshika mwimo wa mlango. Gatsinzi kando yake. Mimi nikasali Salamu Maria zangu, zikaisha, nikaanza upya. Wakawa hawarudi. Gatsinzi akavua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Nikasema labda ni taa za barabarani. Leya akawa ananyosha shingo kila gari lilipopita.

Ndipo likaonekana kwenye kona, polepole, utasema limepakia mayai. Likasimama. Thobias akashuka na kitenge chake, akaja upande wa pili akamfungulia, akampa mkono, maana lile gari ni refu na mama ni mfupi. Mama Kanyana akatembea mpaka mlangoni, akaweka kiganja kwenye mwimo, juu ya mkono wa Leya.

"Amenirudisha," akamwambia shemeji yake.

Akasema tena, "Gatsinzi, umeona? Amenirudisha." Hapo akalia, na sisi sote tukalia naye, mpaka Revokatus kule uani.

Alipomaliza akajifuta uso kwa ncha ya nguo yake, akamgeukia binti yake. "Leya, lete maziwa."

Thobias aliinywa glasi yote kwa mkupuo mmoja, nusu ikamwagikia kile kitenge kipya, na kwa mara ya kwanza sikumgombeza.