Nyumba Yetu si ya Kikombe Kimoja

Inasemwa Ukunda, na sasa inasemwa Msambweni pia, kwamba mimi Twaiba, mjane wa marehemu Swabir, nilinunua mashine ya kutengeneza kikombe kimoja cha kahawa ili wageni wakome kuja kwangu. Inasemwa tena kwamba nilimnyang'anya wifi yangu dele lake la kahawa mbele za watu, nikamtoa jikoni. Nimefundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu, na sikuzoea kujibu maneno ya arusini. Lakini haya yanagusa jina la nyumba, na mwenye nyumba hayupo tena wa kujisemea. Nitayaeleza yalivyokuwa, mara moja tu.

Wifi yangu ni Maimuna, dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Aliolewa Vanga akiwa msichana, akaachika bila mtoto, akarudi kwao na sanduku la nguo na dele la shaba alilopewa na mamake. Tangu hapo kahawa ya nyumba hii ni yake. Buni alizikaanga mwenyewe, akazitwanga na tangawizi na iliki, na baada ya sala ya alasiri dele likatoka kwenda barazani, mume wangu akawamiminia wazee. Aliyepita njiani akatoa salamu hakuachiwa aende na koo kavu. Ukifika Msambweni ukauliza kwa Swabir, ulikuwa ukiulizwa, "Swabir yupi, wa kahawa?" Basi ujue anayesifiwa hapo ni Maimuna, ingawa jina lililotajwa ni la ndugu yake.

Mume wangu alipofariki, Maimuna alizidi kuing'ang'ania ile kahawa. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka na macho yamepata ukungu. Ramadhani iliyofuata, wakati wa futari, dele lilimponyoka, kahawa ikamwagikia mkono na paja. Sitaeleza ngozi ilivyokuwa. Daktari akasema asikaribie makaa tena.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani aliniambia, "Daktari amenikataza makaa. Hakunikataza kahawa."

"Nitakupikia mimi, wifi."

"Wewe?" Alicheka mpaka akaushika mkono wenye bandeji. "Kahawa yako, Twaiba, ni maji ya kusuuzia dele."

Na ni kweli. Sikuwahi kujifunza, kila mtu ana kazi yake. Lakini alfajiri moja niliamshwa na harufu ya moshi, nikamkuta amechutama mbele ya jiko la makaa, upindo wa leso yake umekaribia moto, bandeji bado anayo. Nikamsihi, akaniitikia. Baada ya siku chache nikamkuta tena. Ningefanya nini? Nimfungie mlango mtu mzima nyumbani kwa wazazi wake?

Ni binti yangu Esha, anayefanya kazi Doha, aliyesema tununue mashine. "Ya kikombe kimoja, mama. Ya kubonyeza tu, bila moto. Na usichukue ya ovyo."

Nikaenda Diani, kwenye duka wanakonunua wageni wenye nyumba za ufukweni. Muuzaji, kijana wa bara aitwaye Samuel, alinipokea na, "Karibu mathe! Hii ndiyo kitu ya ukweli!"

"Salamu ni shikamoo," nikamwambia, "na mimi si mathe wako. Ni Mwalimu Twaiba."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Haya, nieleze."

Mashine ya kwanza ilikuwa inakula vikopo vidogo vilivyofungwa, kila kikombe na kikopo chake.

"Vikopo hivi nitavipata wapi Msambweni?"

"Unaagiza Nairobi."

"Vikichelewa, wifi yangu atakunywa nini?"

Akafikiri. "Chai?"

Ya pili ilikuwa na uso wa kioo wenye picha nyingi. Ukiigusa inakuuliza: kali au nyepesi, ndefu au fupi, povu au bila povu. Ina maswali mengi kuliko kadhi, na wifi yangu hata sura yangu haioni vizuri. Nikamwambia Samuel aizime. Hakujua kuizima. Akaitwa mwenzake, naye akaifanya itoe maziwa.

Nilitoka siku hiyo mikono mitupu na kichwa kinaniuma. Nikarudi wiki iliyofuata, nikaambiwa nyingine zimo njiani. Nikarudi tena. Ndipo nikaonyeshwa mashine nzito, nyeusi, inayosaga buni yenyewe, yenye kitufe kimoja kikubwa kinacholia kikibonyezwa, na inayojizima ikishamaliza. Nikafumba macho nikaipapasa, kama atakavyoipapasa Maimuna: maji hapa, buni hapa, kikombe hapa. Watu dukani wakacheka. Wacheke. Sikufika pale kuwapendeza.

Samuel akanitahadharisha, "Lakini Mwalimu, hii ni ya mtu mmoja. Inatoa kikombe kimoja kimoja."

"Ndiyo hiyo ninayoitaka," nikasema.

Aliyekuwa nyuma yangu akichagua birika aliyasikia maneno hayo. Namjua, na yeye anajijua.

Nyumbani mashine haikutupa raha. Kisima chetu kina chumvi, ikabidi tuitafutie maji ya mvua. Siku ya pili Maimuna akaitilia buni zake alizokwisha kuzitwanga na tangawizi na iliki, kama alivyofanya maisha yake yote. Ikaguna, ikanuka, ikakwama. Samuel akaja kuifungua kwa bisibisi na kuikwangua, huku Maimuna amesimama kando akilalamika, "Kahawa bila tangawizi hunywewa na nani? Waliotengeneza hii hawana wazazi?" Tukapatana kwamba ndani ziingie buni tupu, viungo atie kikombeni. Alionja, akasema haina moshi. Lakini aliimaliza, na hakuwasha makaa tena. Nilikuwa nimeshapata nilichokitaka, na mambo yangeishia hapo.

Kisha ikafika hitima ya kutimiza mwaka wa marehemu. Nilipanga kahawa ipikwe kwa jirani. Maimuna akakataa katakata.

"Kahawa ya hitima ya ndugu yangu haitatoka jikoni kwa watu. Mashine ninayo."

"Wifi, watu watakuwa wengi."

"Nitabonyeza mara nyingi."

Sikuwa na nguvu ya kubishana naye siku ile. Wanaume barazani walipata chai na wakaridhika. Wanawake walikaa mikekani sebuleni, na mkubwa wao alikuwa Shangazi Mwanaima, aliyetoka Jego. Sasa, kwetu hakuna anayekunywa kahawa ya hitima kabla ya mkubwa kunywa, na mkubwa hanywi mpaka kila aliyepo awe na kikombe mkononi. Kila mtu analijua hilo. Mimi nalijua, Maimuna analijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria.

Mashine ikanguruma, kikombe kikatoka. Ikanguruma, kikatoka kingine. Maimuna alisimama jikoni akibonyeza, nami nikipeleka. Waliopata mwanzo wakakaa na vikombe mapajani, wakingoja. Kahawa zikapoa. Mazungumzo yakaisha. Kisha taa nyekundu ikawaka na mashine ikanyamaza, ilhali nusu ya wageni hawajapata kitu.

Maimuna akabonyeza tena na tena. "Imekufa?"

"Imepata moto, inapumzika."

Shangazi Mwanaima akapaza sauti kutoka sebuleni: "Twaiba, mwanangu! Mashine yako inazaa mmoja mmoja kama mbuzi wa Kinango mwaka wa ukame! Ndiyo tuseme hii imekuwa nyumba ya kikombe kimoja?"

Sebule nzima ikacheka. Ulikuwa utani wa shangazi, na angeweza kuusema mbele ya marehemu mwenyewe. Waliouchukua kwenda nao Ukunda ndio walioufanya usiwe utani tena.

Maimuna hakucheka. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimemwaibisha Swabir."

Akaliendea dele pale kwenye rafu. Akalitia maji, akashika njia ya kwenda uani kwenye jiko, mikono ikimtetemeka hata kifuniko kinagongagonga. Nikamzuia mlangoni. Hakuliachia. Nikavuta, akavuta, maji yakaturukia, na wote waliokuwa sebuleni wakatuona. Nikamshinda. Naam, nilimnyang'anya dele mbele za watu. Hilo ni kweli, na likitokea tena leo nitamnyang'anya.

Nikawasha makaa mwenyewe, na nguo zangu za hitima, moshi ukinitoa machozi. Maimuna akavuta kiti mbali na moto, akakaa. Nikatwanga, nikatia, ikafurika, nikatia tena. Nilipotoka na dele nilikuwa na masizi usoni na hakuna aliyethubutu kucheka. Niliwamiminia wote, na zile zilizopoa nikazimwaga na kumimina upya. Wote walipokuwa wameshika vikombe, Shangazi Mwanaima akainua chake.

"Chungu kama fimbo ya mwalimu," akasema. Kisha akanyoosha mkono. "Niongeze."

Nilirudi jikoni. Taa ya mashine ilikuwa imegeuka kijani. Nikabonyeza, nikatia kidogo tangawizi na iliki, nikampelekea Maimuna pale uani alipokaa. Katika miaka yote niliyoishi naye, sikuwahi kumwona akiletewa kahawa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakinywa chote, na akaniambia neno.

Tangu hapo mashine ni yake, anaibonyeza alfajiri anapoamka. Dele ni langu mimi, na linatoka kwenda barazani kila baada ya alasiri kama zamani. Yule aliyekuwa akichagua birika anakaribishwa. Aje aone kama atahesabiwa vikombe.

Kuna wanaoniuliza mashine ilinunuliwa bei gani, na wengine wananiuliza Maimuna aliniambia nini pale uani. Bei siitaji. Na alichoniambia wifi yangu ni chetu. Nimesema yaliyohusu jina la nyumba, na hamtapata kwangu neno jingine.