Utupa wa Mpakani

Baada ya kufiwa, Émilienne alitaka kitu kimoja tu: siku yake ikifika, azikwe ubavuni mwa mume wake, Étienne, ndani ya parseli yao, kiwanja chao pembeni mwa Bunia, njia ya kwenda Mongbwalu. Alimzika hapo mwaka 1971, karibu na mpaka wa shemeji yake Firmin, akaacha nafasi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa jirani yao ng'ambo ya barabara, na niseme mapema kwamba huyo Firmin sijawahi kumpenda.

Mpaka huo haukuwa na kitu, na fuko walikuwa wanamaliza viazi vitamu vya mjane. Ndipo akapanda utupa, kichaka kile cha maua meupe kama ya maharagwe, ambacho wavuvi wa Tchomia hukitwanga kulevya samaki, na ambacho fuko hawapendi mizizi yake. Alijua kukiotesha. Mbegu alizilaza majini usiku kucha, akazifukia mbili mbili mvua ilipokwisha kushika, akapalilia mpaka miche ikafika magotini. Baada ya hapo aliiacha ijitunze. Mwaka wa pili ua ulikuwa umemzidi kimo, na mbele ya wazee wa familia akasema kwa kinywa chake, "Mupaka yetu na shemeji ni utupa hii." Wote wakaitikia.

Lakini utupa si kichaka cha kuzeeka na mtu. Miaka mitatu, minne, unakauka. Kabla ya kufa, maganda yake yanapasuka juani, tak! na kurusha mbegu huku na huku, na mvua ikirudi miche inaota pande zote mbili. Basi Émilienne, binti kutoka Mahagi aliyelelewa vizuri, aliinama akang'oa kila mche ulioota kwa shemeji. Iliyoota kwake aliiacha ikue, ndiyo ikawa ua mpya.

Nilimcheka. "Weye unamulimia hata shamba yake?"

"Siwezi kujazia shemeji pori kwake," akanijibu. "Shemeji ni shemeji."

Hesabu mwenyewe. Kila ua uliokufa ulizaliwa tena hatua moja ndani ya parseli yake. Wanasema wema hauozi. Mimi nasema wakamuulize Émilienne. Yeye hakuona, kwa sababu unachoamka nacho kila siku huoni kinavyosogea; hata ua ulipofika kaburini, alifurahi tu kwamba marehemu amepata kivuli. Sisi majirani pia hatukuona. Firmin aliona.

Mwaka 1986 Firmin akapata mnunuzi, mfanyabiashara wa dhahabu aliyetaka kujenga duka. Wapima ardhi wakaja na kamba zao, wakauliza mpaka uko wapi, na wazee wakaonyesha utupa, maana ndivyo mwenyewe alivyosema. Kamba ikanyooshwa. Kaburi la Étienne likabaki upande wa Firmin.

Émilienne alilia pale pale. "Shemeji, ni ndugu yako iko humu!"

Firmin hata sauti hakupandisha. "Mama Émilienne, mimi sikusogeza kitu. Miaka yote niliona unang'oa ya kwangu, unaacha ya kwako. Mutu akikupa udongo, utamukataza?"

Wazee wakachukua fimbo zao, wakaenda kwao. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma.

Aliomba basi mifupa ihamishwe, ivuke tu ua, irudi kwake. Mnunuzi hakuwa na neno. Aliyekataa ni Firmin, mkubwa wa familia. "Marehemu hasumbuliwi," alisema, na akafanya ishara ya msalaba. Wiki chache baadaye mafundi wakachimba msingi wa duka hapo hapo kaburini, na kuanzia hapo Émilienne hakulima tena upande ule. Fuko wakarudi. Hakuwafukuza.

Alikufa baada ya miaka miwili. Tulimuuliza, wakati bado anaweza kusema, tumzike wapi. Akasema kama si karibu na bwana yake, popote ni sawa, tusijisumbue. Tukampeleka makaburi ya mji, tukamlaza kati ya watu ambao hakuwajua. Firmin alikuja na suti nyeusi, akalia kwa sauti kuliko sisi wote, na watu wakasema: ona jinsi alivyompenda shemeji yake.