Sufuri za Malakisi

Nilikuwa na cheti cha darasa la nane na mwandiko mzuri. Hivyo viwili ndivyo vilivyonipa kazi kwa Daktari, mama mmoja wa chuo kikuu. Hakuwa daktari wa sindano. Maisha yake yote alichunguza kwa nini watoto wa mahali fulani hufa zaidi kuliko wa kwingine. Miaka ile ya elfu mbili alinipa bunda la fomu, nikapita nyumba kwa nyumba, kwanza mtaa wa Tuwan mjini Kitale, nilikoolewa, kisha vijijini Malakisi, nilikozaliwa.

Majibu yalipojumlishwa, Daktari alikunja uso. Kwa fomu zangu, watoto wa Tuwan, walio karibu na hospitali, walikufa. Wa Malakisi hakufa hata mmoja. Naye alikuwa karibu kusoma ripoti mbele ya wakubwa wa afya Bungoma, waliokuwa wakiamua kama zahanati ya kwetu itajengewa chumba cha kujifungulia.

"Nikisoma hii, chumba hakijengwi," alisema.

Nilijua kosa liko wapi. Kwetu mtoto aliyekufa hatajwi, asije akaja kumchukua ndugu yake. Akina mama walinijibu "hakuna," nami nikaandika sufuri, hata kwa jirani niliyelia naye. Fomu ya kwanza niliijaza kwa mazoezi, kuhusu watoto wangu mwenyewe. Pale pia niliandika sufuri. Mtoto wangu wa kwanza, niliyemzalia kwa mama yangu Malakisi, alifia njiani kwenda Bungoma, kwenye pikapu ya tumbaku.

Nilimwambia yote.

"Ati miezi yote hii umeniandikia uongo?"

"Ndiyo, Daktari. Lakini njia ya kuuliza naijua."

Akaitafuta ile fomu yangu ya mazoezi, akanipa kalamu. "Anza na hii."

Njia ilikuwa majina. Kwetu, anayezaliwa baada ya wenzake kufa hupewa jina baya, lenye maana ya majivu au jalala, ili kifo kimdharau. Tukarudi Malakisi, safari hii tukiuliza majina ya walio hai.

"We dada, Tuwan wamekufundisha ujanja!" alinicheka mama mmoja aliyekuwa akitunga majani ya tumbaku, nilipomuuliza jina la mwanawe. "Kwani hujui jina ya majivu inatoka wapi?"

"Najua, mama. Hata wangu wa pili analo."

Akaacha majani. Akanisogezea kiti.

"Basi andika. Kabla ya huyu walikuwa watatu."

Kule Bungoma, siku ya kusoma ripoti, mkubwa mmoja alimkatiza Daktari. "Hii si utafiti, bana. Ni hadithi za majina."

Daktari akaniita nisimame. Mbele ya yule bwana palikuwa na kibao cha jina lake, nami nikalisoma. Lilikuwa la majivu.

"Samahani, mzee. Kabla yako walikuja wangapi?"

Alikitazama kibao kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Wawili," alisema. "Mama hakuwahi kuwataja." Kisha akamgeukia Daktari. "Endelea."

Chumba kilijengwa. Daktari alipanda akawa profesa, na swali lile huwafundisha wanafunzi wake, akiwaambia lilitoka kwa nani. Siku ya kufungua chumba, vigelegele vilisikika hadi barabarani. Wa kwanza kuzaliwa mle alikuwa mjukuu wa yule mama wa tumbaku. Walimpa jina la babu yake, jina safi, la mtu asiyehitaji kujificha ili kifo kisimwone.